Kadi ya kliniki haifungwi mtoto akitimiza miezi 9

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wazazi, na pia na wahudumu wenzangu wa afya, juu ya neno linalosikika kila siku kwenye mabenchi ya kliniki za mama na mtoto: "Huyu ameshamaliza chanjo." Ukiuliza mtoto ana umri gani unaambiwa mwaka na miezi 8, au miaka 2 kasoro. Ukifungua kadi unakuta mstari wa surua-rubela: dozi ya kwanza imeandikwa tarehe, ya pili ni kisanduku cheupe. Mama hakufanya uzembe. Ameambiwa hivyo na jirani, ameambiwa na mama mkwe, na mara nyingine ameambiwa na sisi wenyewe, tuliomdunga mtoto miezi 9, tukampongeza mzazi, tukamrudishia kadi bila kuandika tarehe ya kurudi.

Hajamaliza. Ratiba ya taifa hapa Tanzania ina siku nyingine miezi 18, na kwa wasichana ipo nyingine tena kati ya miaka 9 na 14. Watoto wengi hatuwapotezi mwanzoni, maana wiki 6 za kwanza mama mwenyewe ana hamu ya kumpima mtoto uzito. Tunawapoteza kwenye mapengo: baada ya wiki 14, baada ya miezi 9, na katika ile miaka mirefu ambayo mtoto haumwi na hakuna anayekumbuka kadi iko wapi.

Nianze na miezi 18, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Wengi hudhani dozi ya pili ya surua ni ya kuongezea nguvu tu, mtoto akiikosa ile ya kwanza inatosha. Sivyo. Mtoto huzaliwa na kinga aliyochukua kwa mama yake akiwa tumboni. Kinga hiyo humlinda miezi ya mwanzo, lakini hiyohiyo huiua chanjo ya surua kabla haijafanya kazi, ndiyo sababu hatumdungi akiwa na miezi 3. Akifika miezi 9, kwa walio wengi kinga ya mama imeshapungua vya kutosha, lakini si kwa wote. Katika kila watoto 100 waliochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 85 hupata kinga. Wale 15 wanarudi nyumbani na tarehe kwenye kadi, lakini mwilini hawana kinga. Huwezi kuwajua kwa kuwatazama, wala kwa homa, wala kwa uvimbe. Dozi ya miezi 18 imewekwa kuwafuata hao 15, na kwa kuwa hatuwajui, tunawachanja wote 100.

Sasa chukua kata yenye watoto 1,000, wote wamepata dozi ya kwanza na hakuna aliyerudi kwa ya pili. Kwenye takwimu kata hiyo inapendeza, asilimia 100. Mitaani kuna watoto 150 wasio na kinga. Surua haihitaji wengi kiasi hicho. Mgonjwa mmoja akiingia kati ya watu wasio na kinga huambukiza 12 hadi 18, na hewa ya chumba alichokaa hubaki na virusi hadi saa 2 baada ya yeye kutoka. Ili ugonjwa ukose pa kushika, watu 95 katika kila 100 wawe na kinga, na kwa dozi moja hesabu hiyo haifikiwi hata kila mtoto akidungwa. Tuliyoyasikia kutoka Halmashauri ya Mpimbwe, mkoani Katavi, mwaka 2022, watoto kufa kwa surua, yanaweza kutokea popote penye watoto wengi wa namna hiyo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wazazi waungwana kabisa, nalo ni kampeni. Februari 2024 nchi nzima ilichanja surua-rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 5. Mzazi ambaye mwanawe alidungwa siku hizo anasema, "si alishapata mara 2?" Dozi ya kampeni hutolewa kwa kila mtoto wa umri uliotajwa, aliyechanjwa na asiyechanjwa, nayo haifuti dozi ya ratiba. Inayotakiwa ni nafasi ya wiki 4 kati ya sindano moja ya surua-rubela na nyingine. Kwa hiyo mtoto aliyepata kampeni akiwa na miezi 17 asisubiri mwaka: baada ya wiki 4 anakwenda kupata yake ya miezi 18. Ni hivyohivyo kwa matone ya polio yanayopitishwa nyumba kwa nyumba, kama ilivyokuwa mwaka 2022 baada ya polio kuonekana Malawi, na tena mwaka 2023 baada ya mgonjwa kupatikana Rukwa. Matone ya mlangoni ni ya ziada.

Nirudi kwenye tarehe, maana makosa mengi huanzia kwenye kuhesabu. Ratiba ya mwanzo inakwenda kwa wiki, haiendi kwa miezi. Siku ya kuzaliwa, au mapema iwezekanavyo, mtoto hupata BCG ya kifua kikuu na matone 2 ya polio. Matone haya ya kwanza yana mwisho wake: siku 14. Zikipita, hayo yanarukwa na mtoto anaanzia wiki ya 6. Nasema hivi nikiwafikiria hasa wenzetu wa pwani, ambako mzazi na kichanga hawatoki mpaka arobaini iishe. Desturi ni nzuri, mama anapumzika. Lakini aliyejifungulia nyumbani na kungoja arobaini ameshapitwa na matone ya kuzaliwa, na kichanga amekaa siku 40 bila BCG ndani ya nyumba inayopokea wageni wa pongezi na vikohozi vyao. Baba au bibi ambebe mtoto ndani ya wiki ya kwanza, mama abaki nyumbani kama anataka. Chanjo haimhitaji mama kuwepo, inamhitaji mtoto na kadi.

Na ajabu yenye manufaa ni kwamba arobaini na ratiba vinapatana. Wiki 6 ni siku 42. Arobaini ikiisha, siku 2 baadaye ni zamu ya kliniki: matone ya polio, penta, chanjo ya nimonia, na matone ya rota ya kuzuia kuhara. Penta peke yake ina kinga 5 katika sindano moja: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Kisha wiki ya 10, kisha wiki ya 14, ambayo huongezwa sindano ya polio. Kwa kuwa ni wiki kamili, siku haibadiliki. Mtoto aliyezaliwa Jumanne, tarehe 3 Machi 2026, zamu zake ni Jumanne tarehe 14 Aprili, Jumanne tarehe 12 Mei na Jumanne tarehe 9 Juni. Miezi 9 ni tarehe 3 Desemba 2026. Miezi 18 ni tarehe 3 Septemba 2027. Ziandike zote siku hiyohiyo ya kwanza, kwa kalamu, nyuma ya kadi, na kwenye simu ya baba pia. Kituo kisipotoa huduma siku hiyo, nenda siku ya huduma inayofuata. Usitangulize, kwa sababu dozi iliyowahishwa kabla ya wiki 6 au kabla ya wiki 4 kupita tangu ile iliyotangulia huenda isihesabiwe.

Je, mtoto aliyechelewa? Hili naomba lisomwe mara 2: chanjo haianzi upya. Mtoto aliyepata penta ya kwanza wiki ya 6, familia ikahama kufuata malisho au mashamba ya mpunga, akarejea kliniki na miezi 11, hapewi tena ya kwanza. Anapewa ya pili siku hiyo, pamoja na matone ya polio, pamoja na chanjo ya nimonia, pamoja na surua-rubela aliyoikosa miezi 9, zote siku moja, kila sindano na mahali pake. Baada ya wiki 4 anarudi kwa dozi za tatu. Mwili wa mtoto hauchoshwi na sindano 3 au 4 kwa siku. Kinachomwumiza ni kuambiwa "njoo wiki ijayo kwa hii nyingine", maana wiki ijayo kuna palizi, kuna msiba, nauli imekwisha. Wala si lazima arudi kituo alichoanzia. Aliyeanzia Mwanza atamalizia Mlele, au Handeni, au popote penye zahanati. Chanjo za mpango wa taifa hazilipiwi.

Wazazi wanaochelewa mara nyingi wanaogopa kugombezwa, na wanaogopa kwa sababu tumewahi kuwagombeza mbele za watu. Mama akigombezwa Jumatatu, mtoto wake hutamwona tena mpaka siku ya ajali. Hili tuliache.

Lipo na jingine letu sisi wahudumu, nalo linahusu kichupa. Chanjo ya surua-rubela huja ikiwa unga mkavu, kwa kawaida dozi 10 katika kichupa kimoja, nayo BCG dozi 20. Ukishauchanganya unga na maji yake maalumu, saa zinaanza kuhesabika: zikifika 6, au huduma ya siku ikifungwa kabla ya hapo, kinachobaki kinatupwa. Si urasimu. Chanjo hizi hazina dawa ya kuzuia vijidudu kuota, na kichupa kilichochafuka kikalazwa mpaka kesho yake kinaweza kumwua mtoto. Sasa anakuja mama mmoja, saa 5 asubuhi, na mtoto wa miezi 18. Muuguzi anatazama kichupa cha dozi 10, anawaza dozi 9 zitakazomwagwa, anasema, "njoo Alhamisi, siku ya surua, tukusanye watoto." Anajiona ametunza mali ya serikali. Mwongozo unasema kinyume: fungua, hata kwa mtoto mmoja. Upotevu huo umeshawekwa kwenye hesabu wakati wa kuagiza chanjo, ila mtoto asiyerudi Alhamisi hakuwekwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Kupanga watoto wa miezi 9 na 18 waje siku moja ni jambo jema. Kumrudisha aliyekwisha fika si jema. Na kwa penta na matone ya polio kisingizio hicho hakipo hata kidogo, kwa sababu kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutunzwa hadi siku 28, mradi kimekaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hakijapitwa na tarehe, na alama yake haijabadilika.

Alama hiyo hata mzazi anaweza kuitazama. Kwenye kichupa kuna duara la rangi ya zambarau na ndani yake mraba mdogo mweupe. Joto likiingia, mraba unaanza kupata rangi. Ukiwa bado mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Ukifanana nalo au kulizidi, haifai. Muulize muuguzi akuonyeshe, hatakasirika. Alama hiyo husema habari za joto tu, habari za kuganda haisemi, na penta, chanjo ya nimonia na ile ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, huharibika zikiganda. Wenzangu wa huduma za mkoba, mnaobeba chanjo kuzipeleka mbali na kituo, pakiti ya barafu isitoke kwenye friza na kuingia moja kwa moja kwenye kasha la chanjo. Iache nje itoke jasho, itikise, ukisikia maji yanacheza ndani ndipo uipakie.

Wazazi huuliza pia kama mtoto mwenye mafua achanjwe. Achanjwe. Kikohozi, kuhara kidogo, homa ndogo, dawa za antibiotiki, uzito pungufu: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia, na mtoto mwenye utapiamlo ndiye anayehitaji chanjo kuliko mwenzake aliyenawiri. Anayeahirishiwa ni mtoto mgonjwa wa kulazwa, na anayekatazwa dozi nyingine ya chanjo fulani ni yule aliyepata mzio mkali kwa dozi iliyotangulia. Mtoto anayeishi na VVU ana mpangilio wake, hasa kwa BCG na surua, basi kadi zote 2, ya kliniki na ya matibabu yake ya VVU, zifike mezani pamoja.

Baada ya sindano tarajia haya. Penta huleta homa na paja kuuma ndani ya siku 1 au 2: mnyonyeshe zaidi, mvue nguo nzito, mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama ulivyoelekezwa, wala usimpe kabla ya kwenda kliniki kwa kujihami. Usikande paja kwa maji ya moto, usipake mafuta ya taa, dawa ya meno wala majani. BCG haivimbi siku hiyo tu. Baada ya wiki 2 hadi 4 hutokea kipele begani, kinachubuka, kinatoa usaha kidogo, kinapona chenyewe na kuacha kovu. Kiache wazi, kioshe kwa maji safi, basi. Surua-rubela nayo inachelewa kuonekana: homa na vipele vidogo huja kati ya siku ya 7 na ya 12, na vingi huisha bila dawa. Lakini mtoto akilia mfululizo kwa zaidi ya saa 3, akapata degedege, akavimba uso au akapumua kwa shida, rudi kituoni mara moja na kadi mkononi.

Miezi 18 ikipita, kadi isitupwe. Matone ya vitamini A huendelea kila miezi 6 mpaka mtoto akaribie miaka 5, pamoja na dawa za minyoo, na kila siku ya matone ni siku ya kutazama visanduku vyeupe.

Kisha wasichana. Chanjo ya HPV ilianza nchini kote Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi 2. Tangu Aprili 2024 ni dozi 1 tu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inazuia aina za kirusi zinazosababisha sehemu kubwa ya saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii. Umri huo umechaguliwa kwa sababu 2: chanjo hufanya kazi kabla kirusi hakijaingia, haitibu kilichokwisha ingia, na mwili wa mtoto wa miaka hiyo hujenga kinga imara kuliko wa mtu mzima. Kwa wanaosikia kwamba inafunga uzazi: ndani ya dawa ile hamna kirusi, kuna maganda yake tu, matupu, yaliyotengenezwa kwa protini ili mwili ulijue umbo la adui. Hakuna homoni, hakuna kinachogusa mayai wala mfuko wa uzazi. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake.

Shuleni chanjo hii huwafikia wengi. Wanaokosa ni wasichana wasio shuleni: wa kazi za ndani, wa maboma ya mifugo, walioacha shule. Hao wana haki ileile, waende zahanati yoyote, na mwajiri anayeishi na binti wa miaka 13 jikoni kwake ampe ruhusa ya asubuhi moja. Msichana anayeishi na VVU aseme au mlezi wake aseme, kwa sababu dozi 1 haimtoshi. Wote wakae chini dakika 15 baada ya kudungwa, maana vijana wa umri huo huanguka kwa woga wa sindano, na akianguka mmoja darasa zima huamini ni sumu. Wakiwa watu wazima, wakifika miaka 30, uchunguzi wa mlango wa kizazi unabaki palepale.

Wavulana tunawasahau. Kinga ya pepopunda waliyopata kwa penta utotoni hupungua miaka inavyopita, na wasichana angalau hudungwa tena wakiwa wajawazito. Mvulana hana siku hiyo. Kabla ya kumpeleka kijana tohara, iwe hospitali au jando, uliza kituoni habari ya sindano ya pepopunda wiki kadhaa mapema, asije akadungwa asubuhi ya kisu, kwani kinga haijengeki kwa siku moja. Na akichomwa msumari shambani, kidonda kisafishwe na apelekwe siku hiyohiyo, kadi ikiwapo.

Kadi, basi, iwekwe kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kuzaliwa, na ipigwe picha kwa simu kurasa zote. Ikipotea, nenda kituo alichochanjwa, rejista ina jina la mtoto, la mama na tarehe. Ikishindikana kupata kumbukumbu, muuguzi atamchanja kama ambaye hakuchanjwa. Dozi iliyorudiwa haina madhara, iliyokosekana inayo.

Ombi langu la mwisho ni kwa walimu wakuu. Januari, mzazi anapokuja kuandikisha mtoto wa darasa la awali, mwombeni kadi ya kliniki kama mnavyoomba cheti cha kuzaliwa. Msimnyime mtoto nafasi kwa kukosa chanjo, kosa si lake. Tazameni kisanduku kimoja tu, surua-rubela ya pili, na kikiwa cheupe andikeni jina na kijiji kwenye karatasi. Karatasi hiyo mkimpa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, sisi tutajua nyumba ya kwenda.

Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto,
Tanga